Kijaluba cha Jirani

Baba alipofariki nilimleta mama kwangu Toronto, kwenye ghorofa letu la Dixon Road. Alinuna majira yote ya baridi. Aliyemfungua kinywa ni bibi wa Kirusi wa mlango wa pili, ingawa Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Ndiye rafiki pekee aliyempata huku.

Pasaka moja bibi akamletea kijaluba chenye umbo la yai, cha buluu, kidogo hata kiganja hakijai, vijiwe vyekundu vimezunguka kifuniko. Ndani, peremende moja. Mama akala peremende, akakiosha, akatia kipande cha kashata, akakirudisha siku ileile. Kwetu Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Bibi hakubisha hodi tena. Mama akashinda dirishani akitazama ndege zikitua, eti labda kashata ilimvunja mtu jino. Nilichoka na msiba huo mpya, nikaenda kugonga.

"Amenirudishia zawadi yangu," bibi akasema, machozi yanamlenga.

Kumbe sonara wa wakubwa alikitengeneza enzi za wafalme wao, kiwe zawadi ya Pasaka kwa mke wa mwinyi mmoja, naye akampa yaya wake, aliyekuwa mama wa nyanya yake huyu bibi. Kilivuka mapinduzi na bahari kimeshonewa ndani ya pindo la gauni. Na mama yangu kakisugua kwa sabuni ya vyombo! Nilicheka mpaka nikaona haya, kisha nikamweleza desturi yetu.

Kesho yake kikarudi, na peremende. Mama akatia kashata.

"Mama, ni zawadi!"

"Kimekuja na kitu ndani. Unataka nionekane sina adabu?"

Kikaenda kikirudi miaka yote, mpaka mwaka huu bibi alipohamishiwa nyumba ya wazee, mji wa jirani wa Pickering. Siku ya kuondoka alimtia mama kijaluba mkononi. Mama akafungua. Hamna kitu.

"Kitupu," bibi akasema, kwa Kiswahili. "Usirudishe."

Mama alilia, na mimi pia nililia.

Jumamosi nikamkuta jikoni amevaa koti, anashindilia kashata kijalubani.

"Si alisema usirudishe?"

"Nani anarudisha? Sasa chombo ni changu. Tuone kama atathubutu kunirudishia kitupu. Haya, washa gari."