Sadaka ya Veniamin

Zamani, siku ya kulisha wafu katika kijiji cha Valea Socului, Moldova, walio hai walijaa makaburini hata mtu akakosa pa kutua sufuria. Siku hizi wafu ndio wanaowangoja walio hai, na hawawaoni.

Veniamin alizaliwa kijijini hapo, mtoto wa Safta, mjane aliyekamua zabibu za watu. Alijaliwa ulimi. Ulimi huo ulimtoa kwenye mizabibu ukampeleka chuoni, ukamfanya mkalimani, kisha katibu ubalozini, kisha balozi, na mwisho mshauri wa rais katika mambo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya. Pale wakubwa walipogombania sentensi kutwa nzima, yeye alibadilisha neno moja, na wote wakatia saini.

Wamoldova waliporuhusiwa kuingia Ulaya bila viza, jambo alilolihangaikia Veniamin miaka mingi, alipiga simu kijijini kwanza. Watu wakacheza ngoma barabarani mpaka vumbi likafunika mnara wa kanisa. Kisha wakafungasha. Wakaondoka wenye nguvu, wakafuata wenye haya, na mwisho hata wale walioapa kwamba hawang'oki. Wakubwa wakasema nchi imesonga mbele. Safta akazikwa na vikongwe, mwanawe yuko mkutanoni.

Alipostaafu, Veniamin alitaka kitu kimoja tu: kumalizia siku zake katika nyumba ya mama yake. Ufunguo alikuwa nao Eufrosina, mdogo wake Safta. Basi wiki moja baada ya Pasaka, siku ya wafu, akaja kuuomba.

Nyumba zote za njiani zilikuwa na makufuli, lakini nyua zimefagiwa. Mfagiaji hakuonekana. Mbwa walimtazama tu, hakuna aliyebweka.

Makaburini alikuta vikongwe wachache. Mzee Haralambie, jirani yao wa tangu zamani, alikuwa akimenya yai jekundu la Pasaka.

"Mheshimiwa, hiyo Ulaya imefika?"

"Iko njiani, mzee."

"Basi iambie ibishe hodi kwa nguvu. Wenye nyumba wametangulia."

Neno hilo lilimkaa vibaya Veniamin, ila alicheka kwa adabu.

Eufrosina alikuwa ametandika kitambaa juu ya kaburi la Safta na kupanga mikate ya kusuka, kila mmoja na mshumaa wake. Alimpa kila aliyepita mkate mmoja, akitaja jina la marehemu anayemtolea. Alimtaja Iacob. Akamtaja Dorina, mmoja wa waliofungasha wakaondoka.

"Mama mdogo, Dorina hajafa," Veniamin alisema. "Nilimwona Padova, Italia, mwaka jana."

"Hata wafu huonekana, bwana," Eufrosina alijibu.

Bwana, kana kwamba ni mgeni. Na macho ya Eufrosina yalikuwa mazima. Muda mfupi kabla alikuwa amemgombeza mbuzi wa jirani aliye ng'ambo ya bonde. Akauchukua mkate wa mwisho, akawasha mshumaa, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Pokea, bwana. Ni sadaka ya Veniamin wa Safta."

Kwao sadaka ya wafu haikataliwi, na jibu lake ni moja, mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga viatu. Veniamin alitaka kusema, ni mimi. Lakini mikono ilikwisha kupokea, na ulimi ule, uliolelewa na Safta kabla haujalelewa na mabalozi, ukamtangulia.

"Mungu amrehemu," alisema.

"Amina," wakaitikia wote. Hata Haralambie hakucheka.

Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Eufrosina. Veniamin aliutazama. Angeuombaje, naye amekwisha kumwombea rehema mwenye kuutaka? Aliinamisha kichwa, akashuka kuelekea kwenye gari. Upepo ulikuwa ukipindisha miti ya walnati, lakini mshumaa mkononi mwake haukutikisika.

Langoni aligeuka, na hapo ndipo alipowaona kwa mara ya mwisho. Aliwaacha wachache, lakini sasa walikuwa wamejaa, wafu na waliohama, wameketi bega kwa bega kama zamani, wakimwaga divai juu ya udongo, Dorina akicheka, na kando ya Safta mtu alikuwa akisogea ili nafasi moja ibaki wazi.