Nyumba ya Mashuka

Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, fundi cherehani alitandaza nyumba yake ya kwanza juu ya kiwanja kitupu chake na mumewe. Hilo limethibitishwa na dalali, aliyesimama pembeni akisubiri jibu kuhusu nyumba iliyokwisha kujengwa. Mume wa fundi aliipenda mno nyumba hiyo ya dalali, akataka wauze kiwanja waichukue. Lakini fundi huyu hakati kitambaa cha mteja kabla ya kushona mfano kwa nguo kuukuu. Humvalisha mteja, akambana huku na kule, pini zimemjaa midomoni. Nyumba nayo aliifanyia vivyo hivyo: aliunganisha mashuka yaliyochakaa yakawa vyumba vitatu na jiko, kwa vipimo halisi, kila mshono ukiwa ukuta.

“Baba watoto, ingia chumbani ulale.”

“Mke wangu, watu wanatutazama!”

“Wewe lala. Ile ya dalali imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine.”

Mume akajinyoosha. “Haya, miguu yangu imeshafika kwa jirani!”

Dalali alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka. Alipiga magoti, akaufumua ukuta kwa wembe, akaunga kipande cha shuka, akakibana kwa pini. Kisha akamgeukia dalali. “Mwenye nyumba unayoiuza mwambie tunashukuru. Kupanga tumechoka, na kununua hatununui. Tunajenga.”

Mume alibaki amelala palepale, mikono kifuani, akitazama juu. Kama alikuwa amekubali, au alikuwa akiiaga ile nyumba nyingine, hajamwambia mtu.