Fundi Viatu Anayeacha Viatu Mlangoni

Fundi viatu anakiri bila kubanwa na mtu: siku ile ya kwanza ya kukimbia peku mjinga alikuwa yeye, si ardhi, si jua, wala si shemeji yake. Alivua viatu mlangoni, akatoka mbio kama aliyesikia nyumba inaungua, akazunguka uwanja wa shule mpaka pumzi ikamwishia. Kisha, kwa kiburi, akarudi kwa njia ya lami. Nyumbani aliingia akitembea kwa pembe za nyayo, mikono ukutani.

"Malengelenge yalikuwa makubwa kuliko vifungo vya koti," anasema. "Wiki nzima sikuweza kukanyaga cherehani. Viatu vya watu vimejaa mpaka kizingitini, na mimi nimekaa, miguu kwenye beseni, kama maharage yaliyolowekwa."

Asubuhi hii yuko tena kwenye uwanja uleule, peku, suruali imekunjwa hadi magotini. Pembeni amesimama shemeji yake, mdogo wa mkewe, dobi wa hospitali ambaye hukimbia peku kila siku kabla ya kuingia zamu. Dobi ndiye mwalimu, na subira yake imebaki ya kulamba kwa kidole. Mkewe fundi ameketi kwenye ngazi ya madarasa na ndoo ya maji na taulo.

"Shemeji, unakimbia au unaua mende?" dobi anauliza.

"Nakimbia."

"Basi mende wameisha. Kanyaga taratibu."

Hakuna anayekimbia hapa kwa kutafuta medali. Fundi amekaa kwenye kigoda kifupi karibu nusu ya umri wake, mgongo umejikunja juu ya kiatu, magoti yamebana chuma cha kupigia soli. Kazi ya kukaa ikamkaa. Miguu ilianza kufa ganzi kidogokidogo, na mkewe akawa anamwambia kila jioni, kwa sauti yake ya chinichini: inuka, nyoosha miguu, tembea hata hadi kona.

"Nilikuwa namjibu ndiyo," fundi anasema, "halafu naendelea kugonga."

Mpaka mchana mmoja aliposimama kumkabidhi mteja kiatu chake, miguu ikagoma, akamwangukia mteja kifuani. Daktari hakumzungusha: usipoitumia hiyo miguu, itakuaga. Na karakana haina mkono mwingine. Miguu ikigoma, mlango unafungwa. Akipata malengelenge mengine kama yale, unafungwa vilevile.

Kwa nini peku, basi, mtu ambaye viatu ndiyo ugali wake? Hapo dobi anashika kichwa.

"Tulianza na viatu," anaeleza. "Hatua kumi, anasimama. Anainama. Namuuliza kulikoni, ananiambia kasikia gundi inaachia. Tunaanza tena. Anasimama, anasema soli ya kulia inalia tofauti na ya kushoto. Mpaka jua linatoka hatujafika kwenye goli. Nikamwambia shemeji, vua, nisije nikavimeza."

Wateja wamepata la kusema. Mmoja alimpelekea viatu vya kubadilisha visigino, akamkuta anapangusa vumbi kwenye nyayo, akauliza kama kuna siku mwenye hoteli atakutwa amefunga kula. Fundi alicheka naye. Kisha akampigilia kisigino kilichonyooka, maana utani hauharibu kazi.

Masomo yenyewe, ukimsikiliza dobi, ni mepesi kama kukunja shuka. Hatua ziwe fupi. Magoti yalegee. Unyayo utue wote, kwa upole, chini ya mwili na si mbele yake. Usiisukume ardhi; we inua mguu tu. Na vidole viachwe vijitandaze, visiing'ang'anie ardhi kama vinaogopa kuibiwa.

Shida ni neno hilo, kulegea. Fundi hulegea kwa nguvu zake zote. Mishipa ya shingo inamsimama, mabega yanapanda hadi masikioni, vidole vinajikunja kama kucha za kuku.

"Legea, shemeji."

"Nimelegea," anajibu katikati ya meno.

"Ukizidi kulegea hivyo utapasuka."

"Sasa nitalegea vipi na wewe unanifokea?"

"Na mimi nitaacha vipi kufoka na wewe unatwanga?"

Kutoka kwenye ngazi mkewe anasema neno. Hawamsikii. Analisema tena. Dobi yuko katikati ya hotuba kuhusu sikio la kufa, na fundi yuko katikati ya kujitetea kwamba uwanja huu una udongo mgumu kuliko viwanja vingine. Ni mpaka wote wawili wanapoishiwa pumzi ndipo sauti ile inapowafikia.

"Misumari."

"Misumari gani?" Fundi anaangalia nyayo zake.

"Ya mdomoni. Iteme."

Mdomoni hamna kitu. Lakini fundi anapeleka mkono kwenye midomo yake na kuikuta imebanwa, imekaza, kama kila siku anapofanya kazi na misumari midogo imepangwa kati ya midomo, ikisubiri zamu ya nyundo. Miaka yote hiyo amejifunza kutofungua mdomo asije akaimeza. Meno yamebana, pumzi imezuiwa, mabega yamepanda kulinda shingo. Vidole vya miguu navyo vimefuata mkumbo.

Anatema mate pembeni. Anaachia taya lianguke, mdomo wazi kama mtu aliyesinzia mkutanoni, na anaondoka.

Mabega yanashuka. Vidole vinajifungua. Ile ngoma ya mende haisikiki tena. Kinachosikika ni mchakacho mdogo wa nyayo, kama mtu anayefagia nyumba ya pili. Dobi anafungua mdomo kufoka, anaishia kuhesabu hatua. Fundi anafika kwenye goli, anageuka, anarudi. Wanazikagua nyayo na kuziosha: vumbi tu. Ngozi nzima.

"Sasa mbona hukusema mapema?" anamuuliza mkewe.

"Nilisema siku ya kwanza. Nikasema ya pili. Jana nilisema wakati unakunywa chai."

Fundi anajikuna kichwa na kukimbilia mipango. Anataka, mvua zikikatika, awe anakimbia kutoka nyumbani hadi karakana kila asubuhi kabla ya kufungua, kisha ainuke kwenye kigoda kila anapomaliza jozi moja. Tatizo ni kipande cha kokoto nyuma ya shule.

"Pale nitavaa viatu," anatangaza.

"Pale ndipo utakapojifunza," dobi anasema.

"Kokoto zinauma, shemeji."

"Zinamuuma anayezikanyaga kwa hasira. Pita polepole, tembea ukibidi."

"Mimi ndiye fundi viatu hapa."

"Na mimi ndiye ninayechelewa zamu hapa."

Wanabishana mpaka maji ya ndoo yanamwagika. Mwisho fundi anamgeukia mkewe awe hakimu. Viatu, au peku?

Mkewe anakunja taulo.

"Vaa," anasema. "Ila ukivaa, nyayo zako zitakuwa zinakuambia kwa sauti ya chini. Na wewe mwenye sauti ya chini hujawahi kumsikia."