Jani la Sale kwenye Shingo ya Chupa

Thobias Kimaro humpokea mgeni kwa mikono miwili, hata kama mgeni mwenyewe ni fundi wa lifti. Namjua vizuri, maana tumekaa ghorofa moja hapa Rexdale, Toronto, tangu tulipokuwa bado tunavaa makoti mwezi wa nane. Anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, Jumapili anaimba besi kanisani, na akikasirika huingia jikoni akasema Kichaga peke yake. Mkewe Anastasia ni mpole, lakini tusidanganyane, mwenye kauli nyumbani ni huyo mpole.

Mwaka 2009 binti yao Clara alileta habari kwamba amepata mchumba, Dario, kijana wa Kiitaliano aliyezaliwa hapa hapa Toronto. Thobias alinuna wiki nzima, halafu akaenda kununua suti.

Baba yake Dario, mzee Aldo, alikuwa fundi mwashi. Alitoka Italia akiwa kijana, akamwacha kaka yake kwenye shamba la mizabibu la ukoo wao, shamba lililorithiwa baba kwa mwana tangu enzi za babu wa babu yao. Mvinyo wao mwekundu ni Barolo, ule unaolazwa miaka kwenye mapipa ya mti wa mwaloni kabla ya kutiwa chupani, na wenye fedha zao huuagiza mapema wasiukose. Chupa moja, ya zabibu zilizovunwa mwaka aliozaliwa Dario, Aldo alikwenda kuichukua mwenyewe. Ndegeni aliipakata kama kichanga. Akailaza kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka Dario apate mke. Haya yote sisi tulikuja kuyajua baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika.

Jumapili moja Aldo na mkewe wakaja Rexdale kujitambulisha. Thobias aliwapokea pale pale kwenye mlango wa lifti. Alipopewa ile chupa aliinama, akashukuru, akamkabidhi Anastasia, naye akaifunga kwenye kitenge na kuiweka kabatini chumbani. Kwetu hiyo ndiyo adabu. Mgeni hafunguliwi zawadi yake machoni pake, huo ni uroho. Akishaondoka ndipo unachungulia.

Mimi nilikuwepo, nikipakua ndizi na nyama. Vinywaji vilijaa mezani, soda na bia za kila aina. Nikamwona mzee Aldo akitazama mlango wa chumbani kila mara, mkono mmoja mfukoni, kama mtu aliyeshika kitu. Kumbe alikuwa ameshika kizibuo. Alikuja nacho kutoka kwake, akaona haya kusema. Walikula kwa heshima zote, wakaaga kabla ya chai.

Usiku huo huo Dario alimpigia Clara simu. Clara akatoka chumbani macho yamevimba.

"Baba, they think umekataa! Ile chupa ilikuwa ya kunywa pamoja. Why did you hide it?"

"Nimeiheshimu!" Thobias akafoka. "Tangu lini mgeni akanywa zawadi aliyoileta mwenyewe?"

"Baba yake anasema hatarudi nyumba iliyomkataa mtoto wake. Dario hajui afanye nini. Mimi pia sijui."

Thobias akaingia jikoni na Kichaga chake.

Siku zikapita. Clara akaacha kula na wazazi wake, pete ya uchumba akaivua akaiweka kwenye mkoba. Nilimwambia Thobias wazi, "Shemeji, utabaki na chupa, mtoto atakwenda." Akanitazama kwa hasira, na mimi nikamtazama vilevile. Hasira hata mimi ninazo.

Anastasia ndiye aliyemaliza ubishi. "Baba Clara, kwenu mtu akimkosea mwenzake anakwendaje kwake?"

Thobias akajibu, "Anakwenda na sale."

"Basi katafute."

Sale ni lile jani refu la kijani la Wachaga. Ukiletewa sale na mtu anayekuomba radhi, huna ruhusa ya kukaza roho. Lakini Toronto sale inatoka wapi? Thobias aliikuta kwenye duka la maua, imepandwa kwenye chungu, inauzwa kama pambo la ofisi. Akacheka peke yake mle dukani mpaka watu wakasogea mbali naye. Akanunua chungu kizima kwa ajili ya jani moja, akalifunga kwenye shingo ya ile chupa.

Tulikwenda wanne, Clara akiwemo, na mimi nikiwa mshenga, ingawa sikupewa nafasi ya kufungua mdomo. Aldo alifungua mlango bila tabasamu. Thobias akanyoosha chupa, akasema kwa Kiingereza chake cha bohari: "Kwetu jani hili ni la kuomba radhi. Chupa yako sikuikataa. Niliona ni kubwa mno kwa chakula cha mchana. Niliificha ili tuje tuinywe siku nitakapomwoza binti yangu."

Aldo alilishika lile jani, akalipapasa kwa kidole gumba. "Na mimi niliiweka kwa ajili ya siku hiyo hiyo," akasema, akatupisha mlangoni.

Tukaingia. Aldo aliizibua taratibu, akaumimina mvinyo kwenye mtungi wa kioo, akatulazimisha tungoje upate hewa. Ulipofika wakati, Thobias akashikilia kwamba aliyebeba kinywaji ndiye anayeonja kwanza, kama mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, ili watu wajue hakina ubaya. Akaonja. Uso ukamkunjika kama wa mtoto aliyepewa kwinini. "Ni... nzuri sana," akasema. Aldo alicheka mpaka akashika meza.

Kisha akamimina glasi nyingine. Mkewe akanyoosha mkono, Dario naye akasogea. Aldo akawapita wote wawili, akaenda hadi aliposimama Clara.

"Mgeni ameshaonja," akasema. "Sasa ni zamu ya watu wa nyumba hii."

Clara akapokea, akanywa. Thobias akaanza kulia pale pale mbele za watu, na Anastasia akamwacha alie.