Kituo cha Bure

Nikipita karibu na duka la viatu vya ngozi, pua hunirudisha kwenye glavu ile ya kudakia mpira. Ilikuwa mali ya shule, imevaliwa na watoto wengi kabla yangu, na ndani mlinuka jasho, vumbi na mafuta ya mgando ambayo mama aliipaka ili ilainike. Alisema ngozi ni ngozi, iwe ya mtu au ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi. Mama ni mtu wa Makambako, na hapa Guangzhou kazi yake ilikuwa kununua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha nyumbani. Aliniandikisha kwenye besiboli ya shule bila kuujua mchezo wenyewe. Alichojua ni kwamba mazoezi yaliisha saa kumi na moja, saa ileile anayotoka sokoni, hivyo angenipitia.

Kusema kweli, nilikuwa naogopa kupiga. Ukipiga ukakosa, wote wanakutazama, na mimi kutazamwa ndiko nilikokuogopa kuliko mpira wenyewe. Basi nasimama na gongo la kupigia mpira begani, kimya, nautazama mpira unapita. Lakini mchezo ule una sheria yake: mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigia, wewe unatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Na watoto wa miaka kumi wanarusha ovyo, jamani. Nikawa nafika kituoni mara kwa mara bila kugusa kitu. Wenzangu wakanibatiza Nguzo ya Taa. Nilicheka nao, halafu nikaenda chooni kulia.

Ikabaki wiki moja tucheze na shule ya jirani. Kocha Liang alitangaza kwamba atachagua watoto tisa, akabandika ukutani karatasi ya waliopiga vizuri. Jina langu lilikuwa la mwisho kabisa. Nilitaka kuwemo kati ya wale tisa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikumwambia mtu ila daftari langu la siri, ambamo kila jioni niliandika yaliyonipata uwanjani. Jumapili hiyo, baada ya ibada, Kaka Elia alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Alikuwa kijana wa Njombe aliyekuja kusomea takwimu chuo kikuu. Nilimwomba anisaidie hesabu za shule, nikaenda kumletea maji, na niliporudi nikamkuta amefungua daftari lisilo lenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye wala hakucheka.

"Agi," akasema, "mbona kila mahali umeandika 'leo sikufanya kitu'? Hapa umefika kituo cha kwanza. Kufika si kitu?"

Akafungua kompyuta yake, akanionyesha majedwali ya wachezaji wa Marekani yanayorudi nyuma zaidi ya miaka mia. Zamani, alieleza, mtu alisifiwa kwa mipigo yake. Aliyetembea bure, mara hiyo haikuhesabiwa kabisa, yaani asiyekuwepo na lake halipo. Siku hizi wataalamu wanarudi kwenye kumbukumbu zilezile, wanapima kila tendo kwa kadiri linavyosaidia kuleta pointi, tena wanamlinganisha mtu na wenzake wa enzi yake. Alama sitini, alisema, katika darasa ambalo wote wamefeli si sawa na sitini katika darasa la wenye tisini. Kwa hiyo wapo waliopuuzwa wakiwa hai ambao sasa wanapanda, na mashujaa wengine wanashuka. "Wamezikwa zamani, mdogo wangu, lakini bado wanavuka darasa." Haba na haba hujaza kibaba: tukachukua yale niliyoandika kuhusu timu nzima, tukayapanga upya kwenye karatasi, kwa mara ambazo kila mtu alifika kituoni. Nikawa wa pili.

Karatasi ile sikuthubutu kumpa kocha mkononi. Niliichomeka kwenye daftari lake nikakimbia. Jioni akamtumia mama ujumbe wa sauti: mtoto wako ana baosong nyingi, vizuri sana. Kwenye besiboli, baosong ni kile kituo cha bure. Lakini sokoni lipo neno linalofanana nalo, tofauti ni mlio tu, maana yake mzigo utafikishwa mpaka mlangoni bila malipo. Mama akalisikia la sokoni. Akafurahi kwamba kocha ana usafiri, tena wa bure, na kesho yake hakuja kunichukua.

Tukabaki getini mimi na kocha, watoto wote wameondoka. Mwishowe akampigia mama simu. Nilimsikia mama akilalamika kwa Kichina chake cha kununulia: "Laoban, si umesema baosong?" Kocha, ambaye kwa neno hilo sasa alikuwa bosi mwenye duka, alicheka mpaka akakaa chini ukingoni mwa barabara. Sijui ujasiri nilitoa wapi. Nikiwa natazama viatu vyangu, nikamwambia, "Naomba nicheze. Mimi huwa nafika." Akaacha kucheka, akauliza nani aliandika ile karatasi. Nikasema hesabu alipiga Kaka Elia, lakini kuandika niliandika mimi, kila siku.

Akanipanga nianze, wa kwanza kabisa kushika gongo. Mama aliposikia akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, kisha akauliza kama sasa usafiri haupo. Siku ya mechi tulifungwa. Nilifika mara mbili, mara moja nikazunguka vituo vyote nikaleta pointi. Na mara moja nilipiga nikakosa, wote wakanitazama, na hakuna kilichotokea.

Sasa nina miaka kumi na saba na gongo nimeliacha. Wakati ule niliamini jambo lisiposifiwa ni kama halikutendeka. Siku hizi napekua majedwali ya zamani nikiwatafuta waliopiga kidogo na kufika sana, na huwa nawapata. Darasani bado sinyooshi mkono haraka. Lakini wiki iliyopita walipotafuta mtu wa kuweka kumbukumbu za timu ya wadogo, nilisimama kabla hawajataja jina la mtu mwingine. Kuna kitoto humo kinachosimama tu kama mimi. Kwenye jedwali lao, safu ya kwanza niliyochora ni ya waliofika.