Shangazi na Kamera ya Kuazima

Kamera yangu ni ya watu wanaoanza. Aliyeniuzia alisema hivyo, nami niliona neno hilo halina ubaya, kwa sababu nilidhani baada ya mwaka mmoja nitakuwa nimemaliza kuanza. Sasa ni miaka minane. Ni kamera ndogo, ina lenzi moja ambayo haivuti mbali, na kipande cha mpira pale pa kushikia kimebanduka, nikakirudisha kwa gundi ya viatu.

Nimesafiri nayo sana, ikiwa safari ni kwenda na kurudi barabara moja. Nafundisha katika taasisi moja hapa Uvira, na siku zisizo na masomo hupanda gari kuelekea kaskazini, uwanda wa Ruzizi, ama huteremka kusini kufuata ziwa. Nimepiga picha mpunga wa Luberizi ukiwa kijani na ukiwa umekauka. Nimepiga malori ya Bukavu yaliyolala ubavu, na ndagala walioanikwa mchangani. Nimepiga viboko pale Ruzizi inapoingia ziwani, nao kwenye picha ni nukta tatu nyeusi, moja kati yake ikiwa gogo.

Kwa viboko wale niliilaumu lenzi. Kwa malori niliulaumu mwanga. Kila nilipoona picha nzuri ya mtu mwingine, nilitafuta kwanza jina la kamera yake, kama mpishi mbaya anayeuliza sufuria imenunuliwa wapi. Mke wangu, binti wa wakulima wa milimani, alinisikiliza miaka yote hiyo, na jibu lake lilikuwa moja: mchagua jembe si mkulima. Mimi nilimweleza kwamba jembe halina kihisi cha mwanga. Alikubali kwamba halina.

Basi mjini kuna mfanyabiashara mmoja, mzee Mwislamu ambaye babu zake walifika hapa na biashara ya ziwa, na yeye anaendeleza kwa simu, betri na paneli za jua. Mwaka huu aliweka dirishani kamera kubwa, iliyotumika kidogo, na lenzi nene kama kikombe cha bati. Bei yake ilikuwa ng'ombe mmoja wa Luberizi, tena mwenye mimba. Nilikuwa napita dukani kwake mara mbili kwa wiki kuuliza maswali ambayo majibu yake nilikwisha kuyasoma. Yeye alijibu kila swali kwa adabu, akiniita Prof, cheo ambacho taasisi yangu bado haijanipa.

Nilikuwa bado nauliza pale shangazi aliponiita.

Shangazi ni dada wa baba yangu, mkubwa wa ukoo sasa, na anaishi Bwegera katika nyumba iliyo karibu na mashamba ya mpunga. Alikuwa ametoka kulazwa wiki nzima kwenye kituo cha afya kwa ajili ya kifua. Hakuniita nije kumpa pole. Alituma ujumbe kwamba nije na apareyi, yaani kamera.

Sababu niliijua. Kwetu, mtu akifa, picha yake huwekwa juu ya meza pale matangani, na siku ya kuzika mjukuu huibeba mbele ya jeneza. Baba yangu alipofariki tulitafuta picha katika nyumba nzima na katika nyumba za ndugu. Tulipata moja tu, ile ya kadi ya mpiga kura. Fundi wa studio aliikuza hadi ikawa kubwa kama mlango wa kabati. Uso wa baba ulikuwa wa kijivu, mstari wa muhuri ukimpita shavuni, na macho ya mtu aliyeambiwa asipepese. Mwombolezaji mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba marehemu anaonekana kama anakwenda kupiga kura. Watu walicheka ndani ya vitenge vyao. Shangazi alikuwa amekaa karibu na picha hiyo siku tatu, naye hakucheka.

"Minye sitaki kuzikwa na kadi," aliniambia nilipofika.

Alikuwa amejitayarisha. Alivaa kitenge cha akina mama wa parokia, kilemba kimefungwa vizuri, na kiti kilikuwa kimewekwa mbele ya mlango. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti, akanitazama usoni. Nilipiga picha kumi na moja. Nilimwomba atabasamu, akaniangalia tu. Nilimwomba atazame kando, kuelekea mpunga, akauliza kuna nini huko.

Usiku nilifungua picha hizo kwenye kompyuta. Zote kumi na moja zilikuwa sawa: mama mzee, mgongo wima, anatazama mbele. Mimi niliyesoma chuo kikuu niliona picha haina uhai. Niliona kadi ya mpiga kura, ila hii ya rangi. Kesho yake nilimpigia simu nikamwambia picha zilikataa kutoka, apareyi imezeeka, nitarudi na nyingine. Huo ulikuwa uongo. Zilitoka zote. Hazikunipendeza tu, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kununua kamera kubwa ambayo hakuna mtu angeweza kuipinga, hata mke wangu.

Mke wangu hakuipinga. Aliuliza tu kama shangazi anaweza kungoja.

Hilo lilinisumbua. Nilikwenda kwa mfanyabiashara nikamweleza habari ya shangazi na kifua chake. Alifikiri kidogo, akaitoa kamera dirishani, akaifunga katika kitambaa, akanipa pamoja na stendi yake ya miguu mitatu. Alisema nikae nayo wiki moja. Kama ni yangu, nitajua. Kama si yangu, kamera nayo itajua.

Nilikwenda Bwegera Jumamosi. Barierini, kwenye kizuizi cha barabarani, pale ambapo kwa miaka minane askari wameitazama kamera yangu ndogo wakanirudishia, safari hii walinishusha. Waliuliza natumwa na shirika gani. Nilisema natumwa na shangazi. Nilichelewa karibu saa nzima.

Nilipofika nilitaka kufanya kazi kama watu wanaojua kazi. Nilisimamisha stendi uani, nikafunga kamera juu yake. Ukuta wa shangazi ni wa udongo wenye mabaka, kwa hiyo niliomba shuka jeupe nikalipigilia nyuma ya kiti. Shangazi alitoka na kitenge kilekile, akalitazama shuka, akaitazama stendi, akakaa. Nilianza kupima mwanga.

Mtu yeyote mwenye akili za kawaida angejua nimefanya nini. Katika uwanda wetu, apareyi kubwa juu ya miguu mitatu na shuka jeupe nyuma ya kiti ni jambo moja tu: wamekuja kuandikisha. Inaweza kuwa kadi za uchaguzi, inaweza kuwa msaada wa waliopoteza mashamba kwa maji, lakini ni kuandikisha, na anayechelewa anakosa. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye kamera, kulikuwa na watu saba nyuma yangu, kila mmoja na kadi yake mkononi. Baada ya dakika chache walikuwa ishirini. Mwanamke mmoja aliweka jiwe kwenye mstari ili limshikie nafasi, akarudi kuwaita watoto wake. Wengine wakaona ni akili nzuri, nao wakaweka mawe.

Nilieleza kwamba simwandikishi mtu. Mzee aliyekuwa wa kwanza alisema anaelewa, kila mara wanaanza kwa kusema hivyo. Kisha alifika mkuu wa kijiji, shati limefungwa vifungo haraka, akataka kujua kwa nini zoezi limeanza kwake bila yeye kupewa barua. Nilimsalimu kwa heshima zote. Nilimwambia ni picha ya familia.

Mkuu wa kijiji aliutazama mstari wa watu, na mawe, na shuka.

"Familia yenu iko kubwa," alisema.

Hapo shangazi akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka namna hiyo tangu utoto wangu. Alicheka hadi kilemba kikasogea, mkono mmoja ukipiga goti, meno yaliyobaki yote nje. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilipiga.

Picha ile ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu niliipiga mimi. Kila mkunjo wa uso ulionekana, na shuka la nyuma lilikuwa limeyeyuka kuwa mwanga mtupu, jambo ambalo kamera yangu ndogo isingeweza hata ingeombewa. Nilimwonyesha mke wangu, akasema, "Hii basi." Nilikwenda studio nikaikuza, nikaitia fremu ya mbao. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuinunua kamera. Nilikuwa nimebaki tu kumtafuta ng'ombe.

Nilimpelekea shangazi siku moja kabla ya wiki kwisha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Huyu iko anacheka nini?"

Nilimkumbusha mkuu wa kijiji.

"Ile siku minye najua. Lakini wale watakuja kwa matanga, watajua?" Aliigeuza picha inielekee, kama vile mimi ndiye mwombolezaji. "Watu wako wanalia, minye juu ya meza niko nacheka. Watasema huyu mama alifurahi kutuacha. Na mjukuu atabeba hiyi mbele ya padri?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na jibu juu ya uhai, na jingine juu ya ukweli wa uso wa mtu. Niliyaangalia yote mawili kichwani nikayaacha yalipo.

"Ile ya kwanza," alisema. "Nilikaa vizuri ile siku. Nilikuwa nafikiri kaka yangu."

Nikamwambia ipo.

"Weye ulisema ilikataa kutoka."

"Ilitoka, shangazi. Zilitoka zote. Mimi ndiye sikuzipenda."

Alikaa chini. Kikohozi kilimshika, kikamwachia. Nilingoja anitukane, na ningeona ni haki, kwa sababu kama kifua kile kingemshinda katika wiki hizo, mjukuu angebeba kadi ya mpiga kura, na picha kumi na moja zingekuwa zimelala kwenye kompyuta yangu nyumbani Kilibula kwa kukosa uhai.

"Kumbe apareyi haina kosa," alisema. Akaenda kuniletea chakula.

Kesho yake niliirudisha kamera kubwa. Mfanyabiashara aliuliza kama ina ubaya, nikasema haina hata mmoja, na kwamba ingekuwa rahisi kwangu kama ingekuwa nao. Aliipangusa, akairudisha dirishani.

"Nilijua, Prof," alisema. "Mwenye kununua haulizi maswali mengi hivyo."

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja studio na picha ya kwanza, ile ya kamera ndogo. Nilichagua ya nne kati ya kumi na moja, ingawa ningeweza kuchagua yoyote nikiwa nimefumba macho. Ilipokuzwa niliitazama upya. Mgongo wima, mikono juu ya magoti, macho mbele. Nilikuwa nimesema haina uhai. Ilikuwa na mtu aliyekaa siku tatu karibu na picha mbaya ya kaka yake, akaamua yake itakuwaje.

Shangazi aliikubali kwa kutikisa kichwa mara moja. Aliifunga katika kitenge, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na shuka jipya na gauni jeupe, vitu ambavyo nilijua ni vya siku gani. Ile ya kucheka alinirudishia, akasema niiweke kwangu, kwa watu wanaojua sababu. Ipo sebuleni petu. Wageni huuliza nimetumia kamera gani, nami hujibu, kwa uchungu kidogo, kwamba ilikuwa ya kuazima.

Alipofunga sanduku aliniuliza, "Na weye, yako iko wapi?"

Nilifikiri. Miaka minane, maelfu ya picha, viboko, malori, mpunga. Katika zote hizo mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Uso wangu ulikuwa kwenye kadi ya mpiga kura tu, na muhuri wake umepita kwenye jicho.

Aliniamuru nikae kwenye kiti. Niliiweka kamera yangu kwenye kile kitufe cha wanaoanza, ambacho hufanya kila kitu chenyewe na ambacho kwa miaka nilikiona aibu kukigusa, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi wa moto, akafumba jicho moja, kisha jingine, hadi akapata linalofaa.

"Usicheke," alisema.

Alipiga moja tu. Amenikata kichwa kidogo kwa juu, pale ambapo nywele zilikwisha kuondoka zenyewe, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Niliichapisha, nikaitia kwenye bahasha, nikampa mke wangu nikamwonyesha droo ambamo itakaa. Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akauliza kama naumwa.

Nikamwambia hapana, nimeacha tu kununua kamera.