Siku Niliyomwogesha Sajini kwa Dawa ya Ng'ombe

Nikisikia mtu anataja kuogesha mbwa, mimi huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, hata kama siku hiyo nimevaa gambuti. Hapa kwetu Karurumo karibu kila mtu anajua kwa nini, na wale wasiojua huelezwa na mke wangu, kwa hivyo wacha nieleze mwenyewe, angalau mkisikia kutoka kwangu chumvi itakuwa kidogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naitwa Njagi, na nilipostaafu nilibaki na mdomo wa kufundisha na sina darasa. Basi nikageukia mbwa. Nilikuwa nimesoma kijitabu kimoja cha kufuga mbwa (kimoja tu, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa), nikajipa kazi ya kushauri majirani bila kuulizwa. Mbwa awekewe maji safi kutwa, si yale ya kusuuza vyombo. Usimpe mifupa ya kuku, inapasuka ikawa kama sindano tumboni. Kibanda kiinuliwe kutoka chini na matandiko yaanikwe juani kila wiki, viroboto hawapendi jua. Chanjo ya kichaa kila mwaka, hata kama hajauma mtu. Hayo yote ni kweli na mpaka leo nayasimamia. Shida haikuwa ushauri, shida ilikuwa mshauri.

Aliyenisikiliza kuliko wote ni Cucu Wanja, jirani yangu, nyanya mjane anayeishi peke yake na ng'ombe mmoja na mbwa aitwaye Sajini. Wezi waliwahi kuja kuchukua yule ng'ombe, wakawa wameshamfungua kamba, na ni Sajini aliyebweka mpaka tukaamka sote wakatoroka. Tangu hapo Cucu alianza kulala usingizi wa kweli. Aliniambia, "Mwalimu, watoto wangu wako Nairobi. Huyu ndiye anajua nikikohoa."

Sasa Cucu akapangiwa operesheni ya jicho Embu mjini, wiki nzima, na akawa anatafuta mtu wa kumwachia Sajini. Ireri wa posho mill, jirani yangu wa upande ule mwingine, akasema atakaa naye. Na mimi, mbele ya watu waliokuwa wakingoja kusagiwa mahindi, nikacheka. Nikasema, "Cucu, ukimwachia Ireri utarudi upate mkia! Mbwa wake anakula githeri chini kwa vumbi, na huyu Sajini si alimlia kuku Krismasi? Leta kwangu." Watu wakacheka, Ireri naye akacheka kidogo. Cucu akaniletea mbwa na bakuli lake.

Wiki ilienda vizuri kabisa. Cucu akarudi Jumamosi, na jumuiya yetu ya kanisa ikapanga tukaombe kwake Jumapili baada ya misa, kushukuru kwamba jicho limepona. Mimi nikaona hiyo ndiyo siku ya kumrudisha Sajini, mbele ya wote, aking'aa.

Jumapili asubuhi namchana manyoya, nikapata kupe. Masikioni, kwapani, kila mahali. Dawa yake inajulikana, nimewafundisha wengine mara ngapi: unatoa mmoja mmoja kwa kibanio, unawatia kwa mafuta ya taa, halafu unanunua dawa ya mbwa dukani na kupima kama ilivyoandikwa. Lakini mwenye duka la dawa alikuwa kanisani, na mimi nilikuwa na haraka, na nyuma ya zizi ilining'inia pampu ambayo nilikuwa nimepulizia ng'ombe jana yake, na dawa ilikuwa imebaki ndani.

Mnajua sisi wenye ng'ombe. Dawa ya kupe ikibaki kwenye pampu hakuna anayemwaga, mbwa anapitishiwa pale pale na maisha yanaendelea. Mimi ndiye nilikuwa nawagombeza watu kwa jambo hilo! Mke wangu akauliza, "Baba Mugo, hiyo si ya ng'ombe?" Nikamjibu, "Kupe ni kupe." Na kwa sababu niliona wa mbwa ni sugu, nikaongeza kutoka kwa chupa, kwa macho tu, kifuniko cha kupimia kilipotea zamani. Nikamlowesha Sajini kutoka kichwa mpaka mkia. Sikumsuuza, nilitaka dawa ishike. Nikamkausha juani, nikamfunga tai yangu nyekundu ya shule. Nilimwona akijilamba miguu, nikasema anajipamba.

Kwa Cucu tulikuwa kama watu ishirini, kwenye viti na mabenchi uani. Cucu alitoka na miwani nyeusi ya hospitali, akampapasa Sajini, akasema, "Ngai! Umekuwa bwana harusi." Nilisikia raha sana. Tukaomba, tukaimba, na kabla ya chai nikasimama (hakuna aliyeniita) nikamwomba mwenyekiti wa jumuiya dakika tano, niwafundishe watu usafi wa mbwa.

Nilikuwa nimefika kwenye somo la maji safi wakati miguu ya nyuma ya Sajini ilianza kupishana. Mtu akasema, "Mbwa wa Mwalimu amekunywa!" Watu kicheko. Mimi badala ya kunyamaza nikasema, "Mnaona alivyotulia? Mbwa msafi hutulia." Sajini akapiga hatua mbili, mate yakimtoka, akatapika juu ya viatu vya mwenyekiti, viatu vyeupe vya Jumapili, halafu akalala ubavu.

Hakuna aliyecheka tena. Cucu alipiga magoti pale uani kwenye matope na jicho lake la operesheni, akiita, "Sajini. Sajini, inuka." Mimi nikasema ni joto. Nikasema apewe maziwa. Maziwa yakaletwa, yakamwagika nje ya mdomo.

Mtu akampigia daktari wa mifugo, bahati nzuri alikuwa Runyenjes, si mbali, na simu ikawekwa kwa sauti kubwa sote tusikie. Akauliza, "Amepakwa dawa yoyote leo?"

Watu wote wakanigeukia. Ilikuwa niseme ndiyo. Neno moja tu. Lakini nilikuwa bado nimesimama pale mbele, mwalimu wa mbwa, dakika tano zangu hazijaisha, na mdomo wangu ukasema, "Sabuni tu, daktari. Sabuni ya kipande."

"Basi amekula sumu," daktari akasema. "Msimguse sana, nakuja."

Hapo ndipo mambo yaliharibika kweli. Mwenyekiti, akijifuta viatu, akauliza, "Nani hapa ana sumu ya panya?" Na kwa posho mill ni nani asiyeweka sumu ya panya? Macho yakahama kutoka kwangu polepole yakaenda kwa Ireri. Yule kuku wa Krismasi, si mimi mwenyewe nilimtaja mbele ya watu wiki moja tu iliyopita?

Ireri akainuka. "Mimi? Kwa kuku mmoja? Niliacha hayo maneno zamani!"

Cucu alimwambia kwa upole, na upole huo ndio hunirudia mpaka leo, "Ireri mwanangu, kama ni wewe niambie tu ni sumu gani, daktari ajue. Sitakushtaki. Nataka tu apone."

Ireri aliangalia watu wote mmoja mmoja akitafuta mtu wa kumtetea. Alipofika kwangu nikainama kuangalia mbwa. Nilijua na nikanyamaza, jamani, na Sajini akihema kwa kutafuta pumzi, na dawa yangu ikizidi kumwingia kwenye ngozi. Mke wangu akanisogelea akaninong'oneza, "Utasema, au niseme?" Nikamwambia ngoja kidogo. Ati nilikuwa nangoja nini, hata leo sijui.

Daktari alifika kwa pikipiki yake, akachutama, akanusa shingo ya Sajini, akainua kichwa. "Nani amesema sabuni? Huyu ananuka dawa ya ng'ombe!"

"Ni mimi," nikasema. "Ilibaki kwa pampu. Nikaongeza."

"Kiasi gani?"

"Sikupima."

Daktari hakupoteza wakati kunitukana. Alipiga kelele maji yaletwe, mengi, na sabuni, na wa kwanza kukimbia mtungini alikuwa Ireri. Alivua koti la Jumapili akalitupa kwenye ua, akaja na ndoo mbili, akamsugua yule mbwa aliyemlia kuku mpaka suruali yake ikalowa yote. Akina mama wakachota, wakamwagia, wakachota tena. Mimi nilishika ile tai nyekundu iliyofunguliwa shingoni, nikasimama nayo, kwa sababu hakuna aliyenipa kazi nyingine.

Sajini alidungwa sindano, akafunikwa blanketi, na kwa siku mbili hakuinua kichwa. Siku ya tatu alikunywa maji. Daktari aliniambia pembeni, "Ungesema kwa simu wangemwosha saa ile ile. Nusu saa nzima, Mwalimu."

Nilimpelekea Ireri kuku, jogoo mzuri, kumwomba msamaha. Akampokea kwa sababu ni mtu mstaarabu, lakini akasema, "Shida haikuwa kuku, Mwalimu. Nilikutafuta kwa macho, ukainama." Cucu naye hakunigombeza hata siku moja. Aliosha ile tai, akaipiga pasi, akaikunja, akanirudishia langoni akisema asante kwa kumtunza wiki ile. Afadhali angenitukana.

Miezi mitatu baadaye akaitwa Embu kwa jicho la pili. Nilisikia, na nisiwadanganye, nilifagia kile kibanda nikaanika matandiko juani, nikasimama langoni. Cucu akapita na Sajini na bakuli lake. Alinisalimia vizuri sana, akauliza habari za Mugo. Sajini aliponiona akahama upande wa pili wa rinda la Cucu. Wakateremka mpaka kwa Ireri, wakaingia.

Siku ya pili Ireri akaniita kutoka ng'ambo ya ua. "Mwalimu! Wewe uliyesoma, kupe wa sikio wanatolewa vipi?"

Nilijua. Kibanio, mmoja mmoja, mafuta ya taa. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na watu wawili wa kusaga walikuwa wamesimama wakisikiliza.

"Muulize daktari," nikamwambia. "Na akikuuliza umempaka nini, mwambie."

Halafu nikainama kufunga viatu.